Jinsi ya kuchagua plagi za injini ya zamani iliyoongezwa nguvu: mwongozo kamili kwa mfano wa Datsun 1600SSS

Plagi haiongezi nguvu. Muuzaji akikuambia vingine, ujue ana boksi la plagi za bei ghali limekaa sana dukani. Kazi ya plagi ni mbili tu: kutoa cheche kila inapotakiwa, na kuondoa joto kwenye ncha yake kwa kiasi kinachoifaa injini iliyomo. Ukishasaga hedi, ukabadilisha kamshafti na kufunga kabureta kubwa, joto la ndani ya silinda si lile lililopimwa kiwandani. Plagi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari huenda isifae tena. Huenda pia ikawa bado inafaa vizuri, na watu wengi huipuuza hiyo nafasi ya pili.

Gari la mfano ni Datsun 1600SSS lenye injini ya L16. Ndilo walilolitumia Edgar Herrmann na Hans Schüller kushinda Safari Rally ya 1970, na injini za ukoo huo wa L, yaani L16, L18 na L20B, bado zinafanyiwa kazi na mafundi wa Nairobi hadi leo. L16 ina silinda nne, sentimita za ujazo 1,595, pistoni za milimita 83, hedi ya aluminiamu na kamshafti moja juu. Tuseme yetu imesagwa hedi mpaka kompresheni ikafika karibu 10.5 kwa 1, ina kamshafti kali kidogo na kabureta mbili za Weber zenye midomo miwili kila moja. Mwenye Mini, Escort au Volkswagen Beetle atafuata njia hiyohiyo, namba tu ndizo zitakazobadilika.

Kwanza, iponye injini

Pima kompresheni ya silinda zote nne. Rekebisha valvu, kagua nyaya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota, kisha pima taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, kwa taa. Injini inayokula oili kwa sababu ya ringi au mpira wa valvu italowesha plagi yoyote utakayoifunga. Kuna mafundi wanaoweka plagi ya moto zaidi (maana yake iko hatua ya tatu) ili ichome ile oili. Gari litatembea, lakini siku utakapolibana kwenye mlima mrefu plagi hiyohiyo inaweza kutoboa pistoni.

Usiruke taimingi. Kuisogeza mbele nyuzi 10 kunaweza kupandisha joto la ncha ya plagi kwa selisiasi 70 hadi 100, na hiyo ni sawa na daraja zima la joto la plagi. Ukichagua plagi kabla ya kuweka taimingi, utaichagua kwa ajili ya injini ambayo kesho haitakuwepo.

Pili, vipimo visivyo na mjadala

Plagi lazima iingie kwenye tundu ilivyokusudiwa: kipenyo cha tredi, urefu wa tredi, na aina ya kiti. L16 inatumia tredi ya milimita 14, urefu wa milimita 19, kiti bapa chenye gaskiti. Mini nyingi za injini ya A zina vipimo hivyohivyo. Volkswagen Beetle ni milimita 14 lakini urefu ni 12.7 tu. Baadhi ya injini za Ford Pinto zina tredi ya milimita 18 na kiti cha koni kisichotumia gaskiti kabisa.

Ukifunga plagi ndefu mahali pa fupi, pistoni au valvu inaweza kuigonga mara ya kwanza unapowasha. Ukifunga fupi mahali pa ndefu, tredi za hedi zilizobaki wazi zitajaa kaboni, na siku ukirudisha plagi sahihi utazing'oa. Kwenye hedi ya aluminiamu hasara hiyo si ndogo. Kama hedi imetoka kwenye gari lingine au imewahi kuwekewa tredi mpya, usiamini kitabu. Ingiza waya au kipimo cha kina, upime mwenyewe.

Kwa wanaotumia plagi za kampuni ya NGK, herufi zinasomeka hivi kwenye BP7ES: B ni tredi ya milimita 14, P ni ncha inayochomoza, 7 ni daraja la joto, E ni urefu wa milimita 19, na S ni aina ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ukiona R baada ya P, kama BPR7ES, ina rezista ndani. Ukikuta BCPR, kichwa chake ni cha soketi ya milimita 16 badala ya 20.8, ingawa tredi ni ileile.

Tatu, daraja la joto

Hapa ndipo pesa na pistoni hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ncha ya kauri inayouzunguka mwiba wa katikati ikiwa ndefu, joto linachukua njia ndefu kufika kwenye hedi, na ncha inabaki na moto. Hiyo ni plagi ya moto. Kauri ikiwa fupi, joto linatoka haraka, nayo ni plagi ya baridi. Majina haya hayasemi lolote juu ya ukali wa cheche. Plagi ya moto haiwashi mafuta vizuri zaidi ya ile ya baridi.

Ncha inatakiwa ifike angalau selisiasi 450 hadi 500 ili iunguze kaboni inayoigandia. Chini ya hapo masizi hujikusanya, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, na gari linamisi. Upande wa pili, ikikaribia selisiasi 850 na kuendelea, ncha yenyewe inakuwa kaa la moto na kuyawasha mafuta kabla ya cheche. Injini haitakuonya kwa muda mrefu hali hiyo ikianza. Plagi sahihi ni ile inayokaa katikati ya mipaka hiyo miwili ukiwa kwenye foleni na ukiwa umekanyaga mafuta hadi chini.

Angalia namba kwa makini. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni moto zaidi. Mtu akikushauri "panda namba moja" nawe mkononi una Bosch, umeelekea kinyume kabisa na alichokusudia. Kati ya NGK na Denso ulinganisho ni rahisi: NGK 6 ni Denso 20, 7 ni 22, na 8 ni 24. Kwa zilizobaki tumia jedwali la kampuni husika. Usikisie.

L16 ya kawaida huanzia BP6ES. Je, yetu iende wapi? Hesabu kilichobadilishwa, na usihesabu kisichoongeza joto. Ekzosi mpya, chujio la hewa la wazi na kabureta zilizosawazishwa vizuri peke yake havikuondoi kwenye 6. Kompresheni iliyopanda kwa pointi nzima, pamoja na kamshafti na kabureta kubwa, ni sababu ya kujaribu 7. Gari la mashindano linalokanyagwa dakika nyingi mfululizo linaweza kuhitaji 8. Ukifunga turbo, anza na 7 au 8 hata kama bado unaendesha kwa upole.

NGK huwapa watu kadirio la daraja moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezeka. Lichukulie kama breki kwenye tamaa yako. Ni nadra L16 isiyo na turbo kuongezewa farasi 75, ikabaki inaendesheka mjini. Maana yake ni kwamba magari mengi ya aina hii hayahitaji zaidi ya daraja moja juu ya la kiwanda, na mengine hayahitaji hata hilo. Nimeona Datsun za mtaani zimefungwa 9 kwa sababu mwenye gari alisikia kwamba magari ya rali yanatumia plagi za baridi. Likikaa dakika ishirini kwenye foleni ya Mombasa Road, linakohoa mpaka linazima.

Kuna kuchanganya kungine kunakofanya watu wanunue plagi bure. Injini ikigonga unapokanyaga mafuta, ule mlio wa kokoto kwenye kopo, mara nyingi chanzo ni taimingi iliyosogezwa mno, mafuta yenye oktani ndogo, au hewa iliyozidi mafuta. Plagi ya baridi haiponyi kugonga. Inaponya ncha yenye moto kupita kiasi, basi. Rudisha taimingi nyuma au tumia petroli ya oktani kubwa kwanza, kisha usikilize tena.

Ukiwa katikati ya madaraja mawili, je? Kwa gari la mtaani anza na la baridi, ulijaribu barabarani, na likichafuka kwa masizi rudi kwenye la moto. Plagi iliyochafuka unaisafisha. Pistoni iliyotoboka unainunua.

Nne, umbo la ncha

Ncha inayochomoza, ile yenye P, inaiweka cheche ndani zaidi kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, na inajisafisha vizuri gari likienda polepole. Kwa L16 ya mtaani ndiyo chaguo langu. Lakini hedi ikisagwa sana, au zikifungwa pistoni zenye kichwa kilichonyanyuka, nafasi hupungua. Bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, funga hedi kwa gaskiti iliyotumika, weka plagi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha fungua na upime unene wa udongo uliobaki chini ya plagi. Usipopata angalau milimita moja na nusu, hamia kwenye ncha isiyochomoza, kama B7ES.

Tano, nikeli au iridiamu, na rezista

Wakati bado unatafuta daraja sahihi, tumia plagi za kawaida za nikeli zenye kiini cha shaba. Ni bei nafuu, zinaonyesha rangi vizuri, na ukikosea hutalia. Iridiamu ina mwiba mwembamba, milimita 0.6 kwa NGK Iridium IX na 0.4 kwa Denso Iridium Power, kwa hiyo inahitaji voltiji ndogo kurusha cheche na inadumu zaidi. Kwa gari lenye koili ya zamani huo ni msaada wa kweli. Inunue baada ya kujua daraja lako, siyo kabla.

Rezista ndani ya plagi ni kama omu 5,000, na kazi yake ni kupunguza kelele za umeme. Gari lenye pointi na kondensa, yaani mfumo wa zamani wa cheche usio wa elektroniki, lisilo na redio, linaweza kuishi bila rezista. Ukishafunga mfumo wa elektroniki wa kuwasha cheche, tumia plagi zenye R na nyaya za kaboni. Ukiunganisha nyaya za shaba tupu na plagi zisizo na R, kompyuta ndogo ya mfumo huo inaweza kuchanganyikiwa, nawe utatafuta tatizo kwenye kabureta mwezi mzima.

Tukiwa kwenye koili: magari ya Kiingereza ya zamani yaliyogeuzwa kutoka ardhi chanya (nguzo chanya ya betri imeungwa kwenye bodi) kwenda ardhi hasi mara nyingi huachwa na nyaya ndogo za koili zilivyokuwa. Cheche inatoka, ila inahitaji voltiji zaidi kwa sababu inaruka kutoka upande usio sahihi. Badilishana nyaya hizo mbili kabla ya kuilaumu plagi.

Sita, gepu

Gepu ni nafasi kati ya mwiba wa katikati na mguu wa pembeni, ambayo cheche huiruka. Kwa pointi na koili ya kawaida, L16 hukaa kwenye milimita 0.8 hadi 0.9. Kompresheni kubwa inaifanya cheche ipate kazi zaidi kuruka, kwa hiyo injini yetu ya 10.5 kwa 1 ningeianzia 0.8 kama bado ina pointi. Ukiwa na koili yenye nguvu na mfumo wa elektroniki unaweza kufika 1.0, hata 1.1. Turbo inashusha mpaka 0.6 au 0.7.

Gari likimisi kwenye mizunguko mikubwa huku limebebeshwa mzigo, na mafuta yanafika vizuri, punguza gepu kwa milimita 0.1 ujaribu tena. Likitulia, umejua kwamba koili au nyaya ndizo zilizozidiwa.

Pima kwa fila geji ya waya, na upinde mguu wa pembeni tu. Kwenye iridiamu usiukandamize mwiba wa katikati hata kidogo, unavunjika kirahisi. Pima plagi zote nne, hata zile ambazo boksi linadai zimeshapimwa.

Saba, kufunga

Injini iwe baridi. Pulizia upepo mashimo ya plagi kabla ya kufungua, maana mchanga ukianguka ndani haurudi. Ingiza plagi kwa vidole, au kwa kipande cha mpira wa petroli ulichokichomeka juu yake, mpaka ikae. Ikikataa kwa vidole, usiilazimishe kwa spana.

Kwenye hedi ya aluminiamu na tredi ya milimita 14 yenye gaskiti, kaza kwa Nm 25 hadi 30. Kama huna spana ya toki, plagi mpya ikishagusa kiti, zungusha nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Iliyokwisha kutumika inahitaji kama moja ya kumi na mbili tu, kwa sababu gaskiti yake imeshalala. Grisi ya kuzuia kutu haitakiwi kwenye plagi za kisasa zilizopakwa metali. Inafanya tredi iteleze, nawe utakaza kupita kiasi huku toki ikikuambia uko sawa. Plagi iliyolegea nayo ni hatari, kwani joto hupita kwenye gaskiti na tredi. Isipokazwa, hata ya daraja 8 itaungua kama ya 5.

Nane, kusoma plagi

Mpaka hapa umechagua kwa hesabu. Jibu lenyewe liko kwenye plagi iliyotumika.

Rangi inayoonekana baada ya kuzunguka mjini inakuambia habari za mjini tu. Ili kujua daraja la joto, unahitaji mzigo. Dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini, ni bora. Ukikosa, tafuta mahali pa faragha au uwanja wa mashindano wenye mwinuko. Pasha injini moto kwa plagi za zamani, funga mpya, kanyaga mafuta yote kwenye gia ya tatu au ya nne kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, kisha kata swichi na ukanyage klachi kwa pamoja. Usizungushe ufunguo mpaka unapofunga usukani, na kumbuka kwamba breki yenye sevo (kisaidizi cha breki) itakuwa nzito baada ya kuikanyaga mara chache. Subiri injini ipoe ndipo uzitoe plagi, moja moja, uzipange kwa namba za silinda.

Angalia kwanza mguu wa pembeni. Joto huacha alama pale rangi ya metali inapobadilika. Alama ikiwa karibu na kona ya mguu, uko vizuri. Ikiwa imeshuka hadi karibu na tredi, plagi ni ya moto mno au taimingi imesogea mno. Ikiwa iko nchani kabisa, plagi ni ya baridi mno au taimingi imechelewa.

Kisha kauri. Nyeupe kabisa yenye vipele au vitone vinavyong'aa kama vumbi la fedha ni dalili ya aluminiamu ya pistoni kuanza kurukia kwenye plagi. Zima, usiendeshe hata kurudi nyumbani. Mwiba ulioyeyuka na kuviringika unaonyesha mafuta yaliwaka kabla ya cheche. Masizi makavu meusi ni mafuta yaliyozidi, cheche dhaifu au plagi ya baridi mno. Weusi unaong'aa na kulowana ni oili, rudi hatua ya kwanza.

Vitabu vya zamani vinataka rangi ya kahawia kama biskuti. Vingi viliandikwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Petroli ya leo huacha kauri ikiwa hafifu zaidi, rangi ya mchanga mkavu au hata karibu na nyeupe, na injini ikawa salama. Anayeongeza jeti, yaani tundu la kabureta linalopimia mafuta, mpaka apate ile kahawia anamwaga mafuta bure na kuosha oili kwenye kuta za silinda.

Linganisha silinda. Katika gari lenye kabureta mbili zinazolisha silinda mbili mbili, ukikuta ya 1 na ya 2 ni nyeupe na ya 3 na ya 4 ni nyeusi, tatizo ni usawazishaji wa kabureta. Usiweke plagi tofauti mbele na nyuma ili kuficha hilo.

Nairobi, Mombasa, na jeti

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyowekewa jeti huko ikishuka Mombasa inakutana na hewa nzito, mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo, na mgandamizo ndani ya silinda unapanda. Yote mawili yanazidisha joto la ncha. Gari lililosomeka vizuri kwenye 6 Nairobi linaweza kuonyesha dalili za moto likifika pwani. Likipanda kutoka pwani, kinyume chake: masizi.

Dawa ya kwanza ni jeti na taimingi. Plagi ya daraja moja baridi zaidi ni kinga ya nyongeza kwa safari ya kushuka. Soma plagi zako mahali unapoendesha kweli, na kama unaendesha pande zote mbili, fanya uamuzi kwa kufuata pwani, maana huko ndiko injini inakoumia.

Unaponunua

Plagi bandia zimejaa. Kagua maandishi kwenye kauri na kwenye chuma kama ni safi na yamenyooka, mwiba kama uko katikati kabisa ya mguu wa pembeni, na gaskiti kama haichomoki kirahisi kwa vidole. Zenye R, pima rezista yake kwa mita: zote nne zinatakiwa zikaribiane. Bei ikiwa nusu ya maduka yote mengine, unajua unachonunua.

Ukishapata daraja lako, nunua seti mbili. Kwenye buti weka pia seti moja ya daraja moja la moto zaidi kwa siku ya foleni na mvua, soketi ya milimita 20.8, na kipande kile cha mpira. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, fungua uziangalie kila unapobadilisha oili, na nikeli zibadilishe kingo za mwiba zinapoanza kuwa za mviringo, hata kama gari bado linawaka vizuri asubuhi.